Kabla ya kuitupa, chora chaki kwenye gurudumu

Bwana Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba mashine ya zamani ya kukata majani, ile inayojiendesha yenyewe, ikianza kuteleza haina dawa ila kununua mpya. Mimi natunza bustani moja hapa Muhumba, mtaa wa Bukavu, inayoteremka hadi Ziwa Kivu, na mashine yangu ilishahukumiwa hivyo hivyo. Muuzaji hakuinama hata kuitazama. "Papa, hiyo ni chuma chakavu." Mpaka leo inapanda.

Bukavu mnaijua: vilima, udongo wa mfinyanzi, na mvua tangu Septemba mpaka Mei. Gurudumu la plastiki lililolika likawa laini kama sahani litashika nini hapo? Lakini si kila mashine iliyokwama inateleza. Chora mstari wa chaki ubavuni mwa gurudumu, washa, vuta mkono wa mwendo. Mstari ukizunguka na mashine imesimama palepale, shida iko kwenye mshiko. Mstari ukitulia huku mota inanguruma, usihangaike na mshiko: mkanda wa mota unaozungusha magurudumu umelegea, ama meno ya ndani ya gurudumu yamelika au yamezibwa na majani makavu. Meno yangu niliyasugua kwa mswaki wa zamani.

Nikiri ujinga wangu. Kabla ya hapo nilifunga jiwe la kilo kama kumi mbele, juu ya mota, ili mashine iwe nzito. Ikazidi kuteleza. Binti yangu akauliza, "Papa, si yanayozungushwa na mota ni yale ya nyuma?" Nikalifungua jiwe kimyakimya. Ikiwa yako inaendeshwa na magurudumu ya nyuma, gandamiza mpini kidogo ikianza kuteleza. Ikiwa ni ya mbele, usigandamize kabisa, utayanyanyua. Hapo pia mfuko wa majani umwage mapema, kwa sababu ukijaa unavuta uzito wote nyuma.

Dawa yenyewe niliipata kwa washona viatu wa Kadutu, wale wanaokata kandambili kutoka tairi kuukuu. Nilinunua kipande cha tairi la pikipiki lenye meno mazuri, nikakata mikanda miwili ya upana wa gurudumu, nikaizungusha na kuikaza kwa skrubu fupi. Nasema fupi: ikitokeza ndani itavunja yale meno uliyoyasafisha. Mikanda yote miwili iwe na unene sawa, la sivyo mashine itavuta upande mmoja kama punda mkaidi. Na ujue kwamba mpira wa milimita 8 unanyanyua nyuma milimita 8, kwa hiyo rekebisha kimo cha kukata. Mimi nilisahau, jumapili ile bustani ikaonekana kama kichwa kilichonyolewa na mtoto.

Kabla ya kugusa chochote chini yake, chomoa waya wa bujie, ile plagi inayotoa cheche ya kuwasha mota. Ukiilaza, upande wa chujio la hewa uwe juu. Mimi niliilaza kinyume, oili ikaingia kwenye chujio, ikatoa moshi asubuhi nzima hadi jirani akaja kuuliza kama nachoma takataka. Kwenye mteremko kata ukikingama, usipande na kushuka. Mguu ukiteleza, mashine isikuangukie wala wewe usiiendee. Tena subiri umande ukauke. Saa mbili za asubuhi bado ni mapema.

Wauzaji wa vipuri, nao nina neno kwao: leteni magurudumu peke yake. Mnatuuzia mashine nzima kwa sababu ya plastiki mbili.

Ile sehemu ya chini kabisa, karibu na maji, naendelea kuikata kwa fyekeo. Pale hata mbuzi wa jirani huteleza.

Papa Furaha,
Muhumba, Bukavu