Barua ya malalamiko: dai la bima ya safari lililosukumwa dirishani

Meneja wa Tawi,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: KUKATALIWA KWA DAI LA BIMA YA SAFARI LA MTEJA WETU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti yenu mnayajua, kwa hiyo naanzia dirishani. Mteja wetu, mama anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, alisimama mbele ya karani wenu wa madai mkono ukiwa kwenye hogo, bintiye kashika faili. Karani hakulifungua. Alilisukuma lirudi, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye benchi la wateja: “Dada, mama yako alienda kutembea Dubai na presha yake. Sisi hatulipii presha.”

Presha haivunji mkono, Ndugu Meneja. Mama aliteleza kwenye ngazi za hoteli. Ripoti ya daktari inataja kuteleza na mvunjiko, picha za eksirei zimo, na hakuna mstari unaosema alizimia au alishikwa na kizunguzungu. Kwa masharti yenu wenyewe, ugonjwa wa awali unaondoa kinga pale tu unapokuwa chanzo cha hasara. Tena presha hiyo hakuificha: sehemu ya afya kwenye fomu ya maombi ilijazwa, dawa anazotumia zikaandikwa, nanyi mkaongeza ada kwa sababu hiyo hiyo. Kuipokea pesa ya presha mliweza.

Kabla ya hapo kulikuwa na suala la simu. Namba ya dharura iliyopo kwenye cheti ilipigwa kabla ya upasuaji, kama mnavyotaka, na namba ya kesi ikatolewa. Hospitali ilisubiri barua ya dhamana. Badala ya barua likaja jibu kwamba mgonjwa alipe, risiti alete Mwanza. Utaratibu huo ni wa matibabu madogo, mtu anaonwa na daktari, anapewa dawa, anaondoka. Kulazwa na upasuaji vinalipwa kwa dhamana, moja kwa moja kwa hospitali. Familia ikachota mtaji wa dagaa.

Na sanduku! Lilipopotea, mama alichukua ripoti kwenye kaunta ya mizigo ya shirika la ndege kabla hajatoka uwanjani, akatunza kibandiko cha mzigo na kipande cha tiketi ya kupandia ndege. Mnadai ripoti ya polisi. Ripoti ya polisi ni ya wizi; mzigo uliopotelea mikononi mwa shirika la ndege unathibitishwa na shirika lenyewe. Karani wa madai asiyelijua hili anafanya nini kwenye kiti hicho?

Narudi dirishani, maana barua yenu imeliita tukio lile “mawasiliano yasiyoridhisha”. Faili liliposukumwa lilianguka. Bili yenye mchanganuo, risiti, kurasa za pasipoti zenye mihuri, vyote chini. Mama aliinama kuviokota kwa mkono mmoja, na karani akamwita mteja anayefuata. “Sisi hatulipii presha.” Hayo ndiyo mawasiliano yenu.

Mnauza cheti cha ukurasa mmoja. Kijitabu cha masharti hakitolewi hadi mtu akiombe. Cheti kinamtosha afisa wa viza. Kwa nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, anatafuta kinga isiyopungua euro 30,000, basi. Kiasi ambacho msafiri anabeba mwenyewe kwenye kila dai, ukomo wa thamani kwa kila kifaa, saa za ucheleweshaji kabla fidia haijaanza, vyote viko kwenye kijitabu. Mteja anavisikia kwetu mawakala, kama amebahatika kuuliza.

Tunadai gharama za hospitali zilipwe zote, mkipunguza tu kile kiasi ambacho mkataba unataka msafiri abebe mwenyewe, na fidia ya sanduku. Tunadai pia mama aombwe radhi kwa maandishi. Nilipoanza kuandika hayo yalitosha. Sasa nataka karani yule aondolewe dirishani, na kijitabu cha masharti kitolewe kabla mteja hajalipa. Jibu lisipofika ndani ya siku 14, faili linakwenda TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, Kanda ya Ziwa, na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, na hakuna msafiri wetu atakayekatiwa tena bima kwenu.

Nakala ya pili ya barua hii igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe, na arudishiwe aliyeileta.

Wenu,
Wakala wa safari,
Kirumba, Mwanza.