Risiva yako ilidhani bado iko kwako

Ndugu yangu,

Za masiku? Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, na kadhalika na kadhalika, malizia mwenyewe kama tulivyokuwa tukiandikiana shuleni. Nina haraka ya kufika kwenye jambo lenyewe kabla ujasiri haujaniisha.

Naomba radhi. Tangu siku uliyoipakia ile risiva, mashine yako ya kuendesha spika za filamu na muziki, kwenye gari la Mjomba ukaniambia "chukua, itakufaa kuliko mimi", sijakupigia simu hata mara moja, na ulipopiga wewe nikasema niko kazini. Sikuwa kazini. Nilikuwa nimenuna. Na Kipara akikuletea maneno kwamba nilisema umenitupia kopo bovu ili upate nafasi ya kuhamisha vitu, usimbishie. Nilisema. Nilisema mara mbili, na ya pili ilikuwa mbele ya mke wake, kwa hiyo hata nikikana mashahidi wapo.

Sasa sikiliza yaliyonikuta, halafu ucheke taratibu.

Unazijua spika za marehemu baba, zile mbili za mbao zenye kitambaa cha kahawia. Nia yangu ilikuwa hizo hizo tu, mbili, basi. Sebule yangu ikiingia kiti cha tano mlango haufunguki. Hizo spika saba ambazo risiva inaweza kuziendesha ningezitundika wapi, shingoni? Nikaigeuza risiva nyuma nikakuta matundu mengi kama kichuguu, nikachagua vishikio vya mbele kushoto na mbele kulia, vingine vyote nikaviacha wazi. Waya nilizichuna mwenyewe. Nikakumbuka ulivyonifokea mwaka ule kwa sababu ya uzi mmoja wa shaba uliochomoza ukagusa wa jirani yake na amplifaya ya watu ikajizima, basi safari hii kila ncha niliisokota mpaka vidole vikaota sugu. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Hilo nalo ulinifundisha wewe: ukizipishanisha kwenye spika moja, hiyo inavuta hewa wakati mwenzake anasukuma, besi zinauana, na mwimbaji hujui amesimama wapi.

Nikawasha, nikaweka muziki. Ulilia. Lakini ulilia vibaya, na ubaya wenyewe sikuweza kuueleza. Besi zilikuwa nyembamba, kama mtu anayepiga ngoma kwa kijiti cha meno. Mwimbaji naye alikuwa ameegemea kushoto, kila mwimbaji, kila wimbo, kana kwamba wote wana chongo upande mmoja. Nikasogeza spika, nikarudisha, nikabadilisha waya. Wapi. Nikajisemea, labda spika za mzee zimechoka, miaka mingi hii, mpira unaoshika koni hukauka. Nilizionea huruma kwelikweli. Nilizifuta vumbi kama mtu anayeaga mgonjwa.

Kisha ikaja filamu. Mvua inanyesha, unaisikia. Milango inafungwa, nyayo zinapita, muziki wa kutisha unapanda. Mtu anafungua kinywa, kimya. Anafoka, mishipa ya shingo imemtoka, kimya. Mvua inaendelea. Shemeji yako akasema labda ni filamu ya mabubu, nikamwambia mabubu hawafoki. Tukaitazama hadi mwisho hivyo hivyo, na mpaka leo sijui nani alimuua nani. Kilichonichanganya ni kwamba taarifa ya habari ilisikika vizuri. Filamu hapana, habari ndiyo. Hapo ndipo nilipomwambia Kipara neno lile la kopo.

Wiki mbili, ndugu yangu. Wiki mbili nimekaa na kinyongo.

Aliyenitoa gizani ni yule wangu wa mwisho, ambaye rimoti kwake ni mwanasesere. Akabonyeza kitufe ambacho mimi sikuwahi kukigusa, menyu ikafunguka kwenye televisheni, na mle ndani kukawa na ukurasa wa spika. Nikasoma: mbele, ndogo. Kati, ipo. Nyuma kushoto na kulia, zipo. Sabufa, ile spika ya besi, ipo. Nikashuka chini zaidi nikakuta vipimo vya umbali, kutoka kwa msikilizaji hadi kila spika. Mbele kushoto mita 3.1. Mbele kulia 2.8. Kati 2.7. Nyuma kushoto 1.9, nyuma kulia 1.4.

Nikakaa chini sakafuni. Hiyo ilikuwa sebule yako. Sebule yako ya zamani, ile nyumba mliyohama. Ile 3.1 ni kwa sababu ya kabati la vitabu lililoisukuma spika ya kushoto hadi kwenye kona, na zile za nyuma hazikulingana kwa sababu ya mlango wa jikoni uliokuwa unaulaani kila siku. Risiva ilikuwa kwangu, lakini akili yake ilikuwa bado kwako. Ilidhani kuna spika ya kati chini ya televisheni, ikawa inapeleka maneno ya watu huko kwa adabu zote, kwenye vishikio vitupu. Filamu hutenga mazungumzo karibu yote kwenye chaneli ya kati, ndiyo maana mvua na muziki vilibaki. Habari huja na chaneli mbili tu, kushoto na kulia, ndiyo maana mtangazaji alisikika.

Besi nazo hadithi ni hiyo hiyo. Ulikuwa umeiambia kwamba za mbele ni ndogo na sabufa ipo, na mpaka wa kugawana sauti ni hezi 80, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilichoshuka chini ya hapo kilipelekwa kwa sabufa ambayo iko kwako, inalala. Spika za baba hazikuwa zimechoka hata kidogo. Zilikuwa zimenyimwa.

Na waimbaji wenye chongo? Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, yaani kama sentimeta 34 kwa kila milisekunde. Risiva ilijua, au ilidhani inajua, kwamba spika ya kulia iko karibu zaidi kwa sentimeta 30, hivyo ikaichelewesha kidogo chini ya milisekunde moja ili zifike pamoja. Kwako zilifika pamoja. Kwangu, ambako spika zote ziko umbali mmoja, ya kushoto ikawa inatangulia kila mara, na sikio humfuata anayetangulia. Kucheleweshwa kiasi hicho, muda ambao huwezi hata kupepesa jicho, kumtoa mwimbaji katikati ya chumba na kumgandamiza ukutani! Bado nalifikiria jambo hilo nikiwa kitandani.

Basi nikaanza kufuta. Kati: hakuna. Nyuma: hakuna. Sabufa: hakuna. Nilipoikana sabufa, zile za mbele zikajigeuza zenyewe kuwa kubwa, na nikijaribu kuzirudisha ndogo inakataa. Mwanzoni nikadhani imeharibika tena (tayari nilikuwa na jina lako mdomoni, nisamehe), kisha nikaelewa: besi lazima ziwe na kwa kwenda, na sasa nyumba iliyobaki ni hiyo moja. Umbali nikapima kwa futi ya fundi, 2.2 na 2.2. Nikarudisha ile filamu ya mabubu.

Wakaongea. Tena hawakuongelea kwenye spika. Waliongelea katikati, kwenye televisheni, mahali ambapo hapana kitu chochote. Mke wangu akainama kuangalia nyuma ya meza kama kuna kispika nimekificha. Nilimweleza kwa majivuno kwamba risiva ikishajua hakuna spika ya kati, huyagawa maneno nusu kwa nusu kushoto na kulia, na masikio yakipokea kitu kile kile kwa nguvu ile ile na kwa wakati ule ule, ubongo hukiweka katikati. Yeye anaiita spika ya mzuka. Nikakumbuka ulivyonisimulia habari za yule Mwingereza wa kampuni ya EMI, Alan Blumlein, aliyeomba hataza ya stereo mwaka 1931, na kwamba inasemekana wazo lilimjia kwenye sinema alipoona mwigizaji yuko upande mmoja na sauti yake inatoka upande mwingine. Siku ile niliona unanijazia maneno tu. Sasa namheshimu marehemu.

Ila mzuka una masharti. Ukikaa katikati upo. Ukihamia kiti cha pembeni unakukimbia na maneno yanaangukia kwenye spika iliyo karibu nawe. Kiti cha shemeji yako ni cha kushoto. Unaona vita ilipo. Hapo nakubali, spika yako ya kati ilikuwa na kazi yake, kila mtu kwenye kochi alimsikia mwigizaji alipo. Ndilo jambo pekee nitakalokukubalia. Kwa muziki sihitaji ya tatu.

Baada ya hapo nikapata wazimu wa kupanga. Spika nimezipandisha juu ya vistuli ili zile twita, vispika vya sauti nyembamba, zilingane na masikio ya mtu aliyekaa, na nimeziweka mbali moja na nyingine sawa na zilivyo mbali na kiti, pembetatu ya pande sawa. Nimezigeuza uso kidogo kunielekea. Ya kulia ilikuwa imejibana kwenye kona ikawa inabweka besi, nikaivuta ikatulia kiasi, haijatulia kabisa. Kitambaa na chombo cha maua ambavyo shemeji yako alivitandika juu ya risiva nimeviondoa kwa hoja ya joto, maana ile mashine inapumulia juu, na suala hilo bado liko kwenye mazungumzo. Mdogo naye aliniuliza kwa nini sauti imeandikwa hasi 35 wakati tunaisikia; inawezekanaje kuwa chini ya sifuri na bado ikawepo? Nikamwambia sifuri ile siyo kimya, ni kiwango cha sauti kubwa walichojichagulia waliotengeneza kuwa cha kupimia, sisi tunahesabu kurudi chini. Akaniangalia kama ninavyomwangalia Kipara.

Kipara, kwa taarifa yako, amekuja, amesikiliza, amekosa cha kusema, akasema. Eti ni upotevu, amplifaya saba humo ndani na tano zimelala. Nikamjibu kwamba zote saba zinakula kwenye transfoma moja, na wati zilizoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni za chaneli mbili zikifanya kazi, siyo saba. Hivyo mbili peke yake zinakula zikashiba. Akashauri niongeze jozi nyingine ya spika kwenye vishikio vile vile. Za baba nyuma zimeandikwa omu 8. Ukizibandika sambamba na nyingine za 8 risiva inaona 4, na umeme unaovutwa unakuwa mara mbili. Nikakataa. Akahamia kwenye kuzitumia zile zilizolala, mbili za twita na mbili za wufa, yaani koni za sauti nzito. Nilimwacha azungumze dakika nyingi kabla sijamwonyesha kwamba spika za baba zina vishikio viwili nyuma, siyo vinne.

Sasa shida yangu, maana hukudhani naandika bure. Kwenye boksi hamkuwa na ile maikrofoni ndogo ya kupimia chumba. Risiva inaiulizia. Nadhani imebaki kwenye droo yako pamoja na betri zilizokufa. Nataka nione kama itaweza kuituliza hii kona, au kama itaharibu nilichokwisha kupanga. Ukiipata, mpe Mjomba, anapita kwako mwisho wa mwezi.

Na uniambie: ulipoitumia, uliiweka kwenye kiti au juu ya kitu, urefu wa sikio? Kile kitufe cha kupitisha muziki moja kwa moja bila kuguswa na chochote, wewe ulikuwa unakibonyeza, au ni pambo? Mimi nasikia tofauti, shemeji yako anasema nasikia ninachotaka. Hivi ile risiva yako mpya unaisikiliza, au imekaa tu? Mama anaendeleaje na goti? Umeshapata mahali pa kuliweka kabati la vitabu? Na umenisamehe, au nimwombe Kipara naye akuandikie?

Namba zako sikuzifuta kabla ya kuzinakili. Nimeziandika nyuma ya karatasi hii, zote tano. Ile 1.4 ya nyuma kulia, ndiyo iliyokuwa inanipulizia sikioni tukitazama mpira, au nakosea?

Wako,
yule yule wa kopo