Bakteria wa majitaka hawajachoka, wana njaa

Mhariri,

Nina miaka tisa kwenye mabwawa ya majitaka ya kiwanda kimoja cha vinywaji hapa Jinja, na huumia kila wakubwa wanaposema bakteria wetu, wale wanaokula uchafu na kusafisha maji, wamechoka. Hawajachoka, wana njaa. Maji yetu yamejaa sukari, lakini naitrojeni na fosforasi ni haba mno. Ni kama kumlisha mtoto muhogo mtupu kila siku: tumbo linajaa, mwili haujengeki.

Kipimo kinachotumiwa sana ni hiki: kwa kila kilo 100 za uchafu unaohitaji oksijeni ili uoze, bakteria wapate kilo 5 za naitrojeni na kilo 1 ya fosforasi. Zikipungua, bakteria wa nyuzinyuzi hutawala, tope, yaani mkusanyiko wa bakteria hao, huvimba na kukataa kutuama. Mwaka jana letu lilitoka pamoja na maji hadi mfereji unaoelekea Nile. Nililia. Nilikuwa nimeomba yurea na DAP, mbolea hizihizi za dukani zenye naitrojeni na fosforasi, nikaambiwa ni gharama.

Wala zisimwagwe ovyo; zikizidi, hulisha magugumaji mtoni. Naomba viwanda vipime virutubisho hivi kila wiki, si siku ya mkaguzi tu.

Fundi wa majitaka,
Jinja