Daktari, mbona hukuuliza habari za shangazi?

Ndugu Mhariri,

Kila Oktoba, mwezi wa kuhamasisha kuhusu saratani ya matiti, magazeti, likiwamo lako, hujaa rangi ya waridi na ushauri uleule: jikague matiti, ukiona kivimbe wahi hospitali, ukifika miaka 40 kapige mamogramu, yaani eksirei ya matiti. Sina ugomvi na ushauri huo. Ila wapo wanawake ambao kwao 40 ni kuchelewa, nami huenda ni mmoja wao.

Nina miaka 33. Mama yangu mzima wa afya, na bibi mzaa mama alikufa kwa uzee. Msiba uko upande wa baba. Shangazi mkubwa alifariki kwa saratani ya titi akiwa na miaka 39. Shangazi mdogo alikatwa titi akiwa na 44, yuko hai. Mama yao, bibi yangu, alikufa kijijini huko Lushoto tumbo likiwa limejaa maji. Watu walisema karogwa, na jirani mmoja akahama kijiji kwa maneno hayo.

Miaka miwili iliyopita nilikwenda hospitali moja kuomba kupimwa. Daktari alikuwa na foleni ndefu, sikatai. Akaniuliza: "Mama ana saratani? Dada je? Una kivimbe?" Yote hapana. Nilipoanza habari za mashangazi akanikatiza: "Titi unarithi kwa mama. Baba ana titi gani?" Akacheka, na mgonjwa mwingine aliyekuwa kwenye benchi ndani ya chumba hichohicho akacheka naye. "Bado mdogo, dada. Usijitafutie ugonjwa."

Nilikaa zaidi ya mwaka bila kukanyaga tena hospitali kwa jambo hilo.

Mhariri, daktari yule alikosea. Jeni ziitwazo BRCA1 na BRCA2, zilizotambuliwa mwaka 1994 na 1995, kila mtu anazo, mwanamume kwa mwanamke. Kazi yake ni kusaidia kukarabati vinasaba (DNA) vinapoharibika. Zikiwa na kasoro, baba huirithisha kasoro hiyo sawasawa na mama. Kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Baba anaweza kuibeba mpaka uzeeni asiugue, ingawa hatari yake ya saratani ya tezi dume nayo huongezeka, kisha binti yake akaugua kabla ya 40. Ni kweli saratani nyingi za matiti si za kurithi. Za kurithi ni kama 5 hadi 10 katika kila 100. Lakini mwanamke mwenye kasoro ya BRCA1 au BRCA2, uwezekano wa kupata saratani ya titi maishani mwake unazidi 60 katika 100. Ya BRCA1 huongeza na saratani ya ovari, yaani vifuko vya mayai, ambayo uwezekano wake hufika takriban 40 katika 100. Hapo ndipo lilipoanza kunisumbua lile tumbo la bibi lililojaa maji.

Mwaka 2013 mwigizaji Angelina Jolie alipotangaza kuwa ameondolewa matiti kwa sababu ya kasoro ya BRCA1, sisi tulisema ni mambo ya Wazungu. Watafiti wamezikuta kasoro hizo kwa wagonjwa wa saratani ya matiti wa Nigeria, Cameroon na Uganda.

Niongeze jambo linalotuchanganya wengi. Rafiki yangu alipimwa kwa siki akaambiwa yuko salama, akarudi anashukuru kwamba "hana saratani". Kipimo cha siki ni cha mlango wa kizazi tu, na saratani ya huko husababishwa hasa na virusi vya HPV. Hakioni ovari wala matiti. Ovari hazina hata kipimo cha uchunguzi cha kutegemewa, ndiyo maana mwenye kasoro ya BRCA1 hushauriwa kuziondoa, pamoja na mirija ya uzazi, kati ya miaka 35 na 40 akishamaliza kuzaa. Mazungumzo mazito kama hayo utayafanyaje na daktari aliyekucheka?

Mwaka huu nilimpata daktari mwingine, mama wa makamo. Alifunga mlango. Akachukua karatasi akachora ukoo wangu: viduara vya wanawake, vimraba vya wanaume, vizazi vitatu, pande zote mbili, na umri wa kila aliyeugua. Hatukumaliza robo saa. Akaniambia kwa umri wangu matiti bado yana nyama nzito, mamogramu peke yake inaweza kukosa kitu, hivyo nipigwe pia MRI, yaani picha ya mwili kwa mashine ya sumaku, kila mwaka nikiweza kuimudu, na nisipoweza tuanze na altrasaundi na yeye mwenyewe kunikagua kila miezi sita. Kipimo cha jeni, alisema, ni ghali, na ni bora aanze aliyekwisha kuugua, yaani shangazi. Wala hakunitisha, wala hakuniambia "usijali".

Ombi langu ni dogo. Nilipokuwa mjamzito niliulizwa kliniki kama kwetu kuna kisukari, presha, hata mapacha. Kuna ubaya gani kuongeza swali la saratani, na la upande wa baba liandikwe peke yake? Kiswahili chetu kimeshafanya nusu ya kazi: shangazi ni wa baba, mama mkubwa na mama mdogo ni wa mama, hakuna wa kumchanganya. Muuguzi anahitaji kalamu tu. Na anayeuliza ajue kwamba kwetu saratani hufichwa. Jibu la kwanza mara nyingi ni "alikufa kwa tumbo". Aulize tumbo lilikuwaje.

Shangazi yangu alinificha kovu lake miaka sita. Mwezi ujao namsindikiza kwa yule mama daktari. Amekubali kwa sharti moja, kwamba chumbani asiwepo mgonjwa mwingine.

Msomaji wako,
Tanga
(Jina na anwani vimehifadhiwa)