Wanafunzi wafundishwe kutetea hoja

Mhariri,

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kukariri sifa zote za insha nzuri na bado ashindwe kuandika aya moja ya kutetea msimamo wake. Simlaumu. Insha yake hurudi na alama 12 kati ya 20 na mistari myekundu, basi, hakuna anayemuuliza, "Ushahidi wako uko wapi?" wala kumtaka aiandike upya. Walimu wapunguziwe vipindi ili wapate muda huo.

Midahalo nayo isiachiwe wasemaji hodari pekee. Kila mwanafunzi asimame, hata mwenye haya, na mara nyingine atetee upande asioukubali, maana hapo ndipo hulazimika kumsikiliza mpinzani kwa makini.

Mzazi