Mtoto akipika keki sio lazima aiuze

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Gazeti lenu nalisoma siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, na kilichonifanya nishike kalamu ni binti yangu wa miaka 10, yuko darasa la tano, anapenda kupika keki na kusuka ukili, ule msuko mrefu wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, na kila mtu akimuona ananiambia neno lile lile, fundi, huyo mtoto ni hela hiyo, mfungulie biashara mapema, samaki mkunje angali mbichi. Nataka kuongea na wazazi wenzangu kuhusu neno hilo maana mimi nililisikiliza na nikaona lilichofanya nyumbani kwangu.

Mimi ni fundi bati hapa Tanga, Ngamiani. Natengeneza majiko ya mkaa, makarai, ndoo, mifereji ya mvua, na siku hizi zile oveni za mkaa za boksi. Binti amekulia kwenye kelele za nyundo. Alipokuwa na miaka 7 alinikuta nakata kopo la maziwa, nikamkatia kipande nikakikunja umbo la samaki, akakimbia nacho jikoni akakibonyeza kwenye donge la unga wa chapati wa mama yake, ikatoka chapati samaki. Ilianzia hapo. Kesho yake anataka nyota, keshokutwa kipepeo, alafu herufi ya kwanza ya jina la mdogo wake, mpaka saivi ana vibati kama 20 kwenye kopo, na kila kimoja ukingo wa juu nimeukunja mara mbili usimkate vidole.

Kwetu oveni ya umeme hakuna, na hizo za mkaa ninazotengeneza zina wenyewe walioziagiza. Keki tunapika kwa sufuria, moto chini moto juu, kama watu wengi mnavyopika. Nilimtengenezea mfuniko wa bati wenye ukingo wa vidole vitatu kwenda juu ili makaa yasidondoke, na kishikio kirefu cha mbao asiusogelee moto, na makaa anaweka mtu mzima, hilo halina mjadala. Keki ya kwanza iliungua chini na katikati ikabaki uji kwa sababu tulijaza makaa chini. Kumbe ni kinyume chake, mengi yawe juu na chini yawe machache yaliyokwisha kushika majivu. Ya pili iliumuka vizuri ikabonyea, maana alikuwa anafunua kila dakika mbili kuchungulia. Mama yake akamwambia mwanangu keki inataka kuachwa, ikae mpaka harufu ifike barazani ndo uende, uchome chelewa katikati, ikitoka kavu epua. Basi Jumamosi nyingine akakaa barazani na mdogo wake, pua juu, wanabishana kama harufu imefika au bado. Ile ya tatu tuliila yote siku hiyo hiyo na chai ya rangi, na kwakweli mimi sijawahi kula keki tamu kama ile, na harusi nimeenda nyingi.

Ilikuwa hivyo karibu miaka miwili, Jumamosi moja anapika moja hapiki, akitaka. Unga nusu kilo, sukari robo, Blue Band robo, mayai 6, na ganda la limau la kukwaruza maana vanila haipatikani kila siku. Akimaliza anakata vipande anapeleka kwa jirani, kwa fundi viatu, kwa mama muuza genge, na anaandika kwenye daftari lake nani alisema nini. Daftari lenyewe amelivika kipande cha kanga, kila pishi lina mchoro wake wa rangi, na pembeni ameandika makosa, "hapa nilisahau hamira", "hapa mdogo wangu aliweka chumvi akidhani sukari".

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwaka jana mwezi wa tisa, msimu wa mahafali ya darasa la saba, jirani mmoja alikula keki ya binti akaniambia fundi, mwanangu anamaliza shule, nataka vikeki 120, kila kimoja shilingi 500. Nikapiga hesabu haraka, elfu 60. Nikakubali palepale bila kumuuliza mpishi. Tena jioni nikaweka picha kwenye stetasi ya WhatsApp, nikaandika tunapokea oda.

Trei yetu inaingia vikeki 12. Kwa hiyo ni mizunguko 10. Tulianza Ijumaa akitoka shule. Mzunguko wa kwanza alikuwa anacheka, wa tatu ameacha kuongea, wa sita ilikuwa saa nne usiku, anasinzia amesimama na mwiko mkononi, mama yake akasema mtoto akalale nikasema bado kidogo, oda ya watu. Mzunguko wa saba ukaungua. Mimi ndo nilikuwa nimeweka makaa mengi ili yawahi, lakini nikamgombeza yeye. Vikeki 12, elfu 6. Hakujibu kitu. Alichukua trei akaenda kuisugua kwa mchanga na majivu gizani kule nyuma, na mimi nikaendelea kuhesabu vilivyobaki. Tulimaliza saa sita usiku imeshapita.

Hela ililipwa yote, nikampa elfu 10, akaitia kwenye kopo la vibati na kopo akalirudisha juu ya kabati pamoja na daftari. Hakupika tena. Jumamosi ya kwanza nikasema amechoka, ya pili nikasema mitihani, ukaisha mwezi wa kumi, ukaisha wa kumi na moja. Siku moja nikamnunulia unga na mayai mwenyewe, nikamwambia leo tupike baba nipo sina kazi. Akaniambia kwa adabu kabisa, "Baba, nikipika watu watauliza shilingi ngapi."

Ndugu Mhariri, nilikaa na hilo neno wiki nzima.

Sitaki nieleweke vibaya. Najua maisha, wapo watoto wanabeba beseni la maandazi asubuhi kabla ya shule kwa sababu nyumbani bila hiyo hakuna unga wa jioni, siwadharau hao wala wazazi wao, mimi mwenyewe nimetembeza koroboi za baba yangu mitaa yote ya Ngamiani nikiwa mdogo, ilibidi. Nazungumzia sisi ambao haibidi, ila tumezoea kila kitu anachokipenda mtoto tukipigie hesabu. Akichora, achore mabango. Akisuka nywele za mwanasesere, afungue saluni. Akipika, ni mjasiriamali. Mwalimu mmoja niliyemsimulia alinikumbusha kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imetaja kucheza na kupumzika kuwa haki ya mtoto, imeandikwa palepale na chakula, malazi na matibabu, na umri wa kuajiriwa unaanzia miaka 14. Mimi nilidhani sheria hiyo ni ya watoto wanaopelekwa migodini. Nyumbani kwangu sikuwa nimeiona.

Kilichomrudisha jikoni sio mimi, ni mama yangu. Alikuja mwezi wa kumi na mbili kutoka Pangani na mzigo wa miyaa, yale majani ya kusukia, ameshaichemsha na rangi, zambarau na kijani na nyingine ameiacha nyeupe, akakaa barazani akaanza kusuka ukili, hakumuita mtu. Siku ya kwanza binti alipita. Ya pili akakaa. Ya tatu nikakuta ameshapewa ukili mwembamba wa kuanzia na vidole vimeshaanza kushika njia, huu juu, huu chini, vuta, chomeka mwaa mpya kabla wa zamani haujaisha. Ulikuwa unakwenda upande kama njia ya mbuzi, na bibi yake alikuwa anaufumua bila kusema neno, anamrudishia, anaanza tena. Hakuna aliyewauliza wanasuka cha nini. Wiki mbili hivi, wakashona kawa dogo, kiasi cha kufunika sahani moja, lina mstari wa zambarau uliopinda kidogo upande mmoja.

Bibi akaligeuza geuza akamuuliza, "Haya mjukuu wangu, kawa hili litafunika nini?"

Usiku ule binti aliloweka mchele. Mkate wa kumimina, vikombe viwili vya mchele. Asubuhi wakasaga kwa blenda ya kuazima na tui zito, hamira, hiliki na ute wa yai, sukari ikafuata mwisho. Hapo ndo ikatokea jambo ambalo nalikumbuka kila siku. Mama yangu hapimi, anachota tu kwa mkono anasema weka kiasi. Binti anamuuliza kiasi ndo ngapi bibi, anajibiwa kiasi ni kiasi. Basi mtoto akashusha daftari kutoka kabatini, mwenyewe, akachukua kikombe, na kila bibi alipochota sukari akamwambia subiri bibi, akakinga kikombe chini ya mkono wake, bibi akafungua ngumi, sukari ikashuka kwenye kikombe, binti akainama mpaka macho yako sawa na mstari. Akaandika: "ngumi moja ya bibi ni robo kikombe." Wakarudia mara tatu kuhakikisha. Mama yangu ana miaka zaidi ya 70 na sidhani kama kuna mtu aliwahi kuupima mkono wake, maana alicheka mpaka akafuta machozi na kanga.

Mkate ulitoka na vitundu vile vinavyotakiwa, juu umekuwa wa kahawia, tukaufunika na lile kawa. Jirani mmoja akapita akasema jamani huu mkate mnauzaje, nikawahi mimi kujibu, hauuzwi, karibu ukae ule. Nilimuona binti anavyoniangalia. Ile picha ya stetasi ilishajifuta yenyewe siku nyingi lakini walioiona wakataka kuagiza nimewaambia wote hapana, hatupokei oda, na wawili wamenuna.

Mdogo wake ni wa kiume, ana miaka 6, yeye kazi yake ni kuvunja mayai na kukaa mlinzi wa harufu. Wako wanaosema namharibu mtoto wa kiume kwa kumkalisha jikoni na mimi nawajibu kwamba hata mimi nakaa, mikono ya fundi bati inakanda unga vizuri sana.

Na tuisheni, maana najua wengine watauliza. Anasoma, hesabu hayuko nyuma, na robo, nusu na theluthi amezielewa kwenye kikombe kabla hazijafika ubaoni. Ila Jumamosi yake hatuigusi. Nafurahi kuona mtaala mpya ulioanza Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo kwa hawa wa msingi, ombi langu kwa walimu ni kwamba kipindi hicho kisiliwe na hesabu mitihani ikikaribia.

Ombi la pili ni kwenu gazetini. Ukurasa wa watoto ungeweza kuweka pishi moja na kazi moja ya mkono kila wiki, kwa vipimo vya nyumba zetu. Binti akitafuta kwenye simu ya mama yake anakutana na gramu, mizani, oveni nyuzi 180 na mashine ya kupiga mayai, alafu anafunga simu. Wekeni kikombe, kijiko cha chai, sufuria, mkaa au gesi, na waulizeni mabibi na mababu, vitu vipo, vileja, visheti, mkate wa ufuta, vitumbua, kushona kofia, kufuma vitambaa, kusuka kawa. Waacheni watoto watume michoro yao. Na chini ya pishi msiandike faida ni shilingi ngapi.

Ndani ya bahasha hii nimeweka nakala ya ukurasa mmoja wa daftari lake, mkate wa kumimina, amekubali mwenyewe niitume, na ameniagiza niwaambie mambo mawili: mkiichapa msiondoe mchoro wa kawa, na pale palipoandikwa ngumi tatu za bibi msibadilishe, ila mnaweza kuongeza kwenye mabano robo tatu kikombe kwa wasiokuwa na bibi karibu.

Fundi Bati,
Ngamiani, Tanga