Shilingi ya kwanza ya tangazo iende kwenye kibao

Ndugu Mhariri,

Wafanyabiashara wadogo wa Kampala wanashauriwa kila kukicha "wahamie mtandaoni". Ushauri huo si mbaya, ila unaanzia katikati. Sisi tunaochora vibao na kuchapa vipeperushi Barabara ya Nasser tunaona yanayoletwa mezani: mtu amekusanya fedha ya tangazo kwa taabu, anataka picha kubwa na rangi nyingi, na ukimwuliza duka lake linatambulikaje na mpita njia, hana jibu. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze fedha hiyo ndogo ianze wapi, hata kama maelezo haya yatatupunguzia kazi.

Ianze juu ya mlango. Kibao kinatakiwa kimwambie mpita njia unauza nini, bei inaanzia shilingi ngapi, na aingie mlango upi. Jina la duka lifuate baada ya hayo. Wengi wanapindua: jina linachukua theluthi mbili ya bati, na maneno "tunashona sare za shule" yanabanwa chini kwa herufi za kidole. Tunajua jina lina thamani kwa mwenyewe, pengine ni la mtoto au la dua aliyoombewa, lakini mama anayetafuta sare mwezi wa Januari anatafuta neno "sare".

Ukubwa wa herufi una hesabu yake. Kwa kila mita 3 za umbali, herufi iwe na kimo cha sentimita 2.5 hivi ili isomeke bila kukodoa macho. Kibao cha kusomwa kutoka mita 30 kinataka herufi za sentimita 25. Duka la ndani ya vichochoro vya Kikuubo, ambako mteja anasimama mita 5 au 6 kutoka mlangoni, linatosheka na herufi za sentimita 5. Kwa kando ya barabara kuu kumbuka abiria wa boda: kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa anapita mita 11 kila sekunde, na katika sekunde tatu ameshaacha mita 33 nyuma. Hapo yanasomeka maneno matano, sita, basi. Rangi nyeusi juu ya njano, au nyeupe juu ya bluu iliyokoza, ndizo zinazoonekana mbali. Nyekundu juu ya nyeusi huzama jioni, na njano juu ya nyeupe haionekani hata mchana. Acha pia nafasi tupu pembeni, maana herufi zilizosukumwa hadi ukingoni hazisomeki.

Kuna makosa ya ufundi ambayo mteja hayaoni mpaka miezi ipite. Bati jipya la mabati likipakwa rangi ya mafuta moja kwa moja, rangi itabanduka. Mafuta ya ile rangi yanakutana na zinki iliyo juu ya bati na kufanya tabaka laini kama la sabuni katikati, na rangi inatoka vipande vipande. Dawa yake ni kulisugua bati kwa msasa laini, kuliosha kwa sabuni na maji, kulikausha, kisha kulipaka praima iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati kabla ya rangi yenyewe. Fundi akikwambia praima ni kukupotezea fedha, tafuta fundi mwingine.

Bango la fleksi, lile turubai la plastiki linalochapwa, nalo linachaguliwa kwa uzito. La gramu 440 kwa mita mraba linastahimili kuning'inia nje. Yale mepesi ya gramu 280 hivi yanafaa kwa sherehe ya siku mbili. Kingo zikunjwe mara mbili, na pete za chuma ziwekwe kila baada ya sentimita 50. Usilifunge kwa waya. Upepo ukivuma waya haulegei, na kona ndiyo inayochanika. Kata mpira wa ndani wa tairi kuukuu uwe vipande, funga kwa huo, utavutika na kurudi. Wako wanaotoboa matundu ya nusu mwezi katikati ya bango ili upepo upite. Matundu hayo ndiyo mwanzo wa kupasuka. Jua letu pia linakula wino mwekundu na wa njano kabla ya wino mwingine, ndiyo maana picha ya nyama kwenye bango la bucha inageuka bluu. Maneno ya muhimu na namba ya simu viwe vyeusi.

Kibao cha ukutani juu ya mlango wako si sawa na bango la kusimama kando ya barabara. Matangazo ya nje ndani ya Kampala yana kibali na ada za KCCA, yaani mamlaka ya jiji, kwa hiyo pita ofisi ya divisheni yako kwanza, iwe Central, Kawempe, Makindye, Nakawa au Rubaga, kabla hujamlipa fundi. Bango linalong'olewa wiki ya pili lilikuwa ghali kwa bei yoyote.

Vipeperushi tusivikawize. Karatasi moja ya A4 inakatwa vipande vinane, hivyo karatasi 125 zinatoa vipeperushi 1,000. Nyeusi na nyeupe inatosha. Kabla mashine haijaanza, chukua nakala ya majaribio, ipige ile namba ya simu kwa kuisoma kwenye karatasi yenyewe, usiipige kutoka kichwani. Tarakimu moja ikikosewa, zote 1,000 ni za kuwashia mkaa.

Tukija kwenye simu, chombo chenye faida kubwa kwa mtu mdogo ni WhatsApp ya biashara, ile ya bure. Jaza saa za kufungua, mahali ulipo na orodha ya bidhaa zenye bei. Tunasisitiza bei. Desturi ya kuandika "njoo inboksi upate bei" inawafukuza wateja wanaohesabu fedha zao, nao ndio wengi. Kwa mahali, usiandike jina la mtaa peke yake. Andika steji ya boda iliyo karibu, jina la jengo, ghorofa na namba ya duka, kwa mpangilio ambao mtu ataufuata akitembea.

Picha ndiyo inayoharibu biashara nyingi za nguo. Mchuuzi anapiga gauni jeupe chini ya turubai la bluu, na kwenye picha gauni linatoka la samawati. Mteja analiagiza, boda analipeleka Ntinda, mteja analikataa, na nauli ya kwenda na kurudi inabaki kwa muuzaji. Toa bidhaa kwenye turubai, isimamishe kivulini karibu na mlango, asubuhi au alasiri, futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, zima taa ya simu. Nyuma pawe na ukuta mtupu au shuka la rangi moja. Weka futi ya kushonea pembeni ili kipimo kionekane. Bei na saizi viandikwe juu ya picha yenyewe, kwa sababu picha ikisambazwa maelezo ya chini huachwa njiani.

Kuhusu kutuma ujumbe kwa wengi, lieleweke jambo moja linalowachanganya watu. Orodha ya matangazo ya WhatsApp hubeba watu wasiozidi 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako katika simu yake. Mtu anatuma miezi mitatu akidhani wateja wamemchoka, kumbe hawajawahi kupokea. Kwa hiyo kazi inafanyika siku ya mauzo. Mteja anapolipa, mwombe ruhusa ya kumtumia bei mpya, kisha mwombe ahifadhi namba yako papo hapo. Wewe mhifadhi kwa jina na alichonunua, kwa mfano "Mama wa Bwaise, viatu 38", ili viatu saizi 38 vikifika uwatafute wenye mguu huo tu. Ujumbe mmoja kwa wiki unatosha. Stetasi inaishi saa 24, kwa hiyo hiyo iweke kila siku. Usimwingize mtu kwenye kundi bila kumwuliza. Ni utovu wa adabu, akikuripoti namba yako inaweza kufungiwa, na isitoshe tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inayompa mtu haki ya kukataa taarifa zake zisitumiwe kumtangazia biashara.

Namba za wateja ziandikwe pia kwenye daftari. Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti nchini ilizimwa, na mwenye daftari aliweza kupiga simu na kutuma ujumbe wa kawaida. Mwezi huo huo Facebook ilifungiwa, na tangu hapo watu wakawa wanaiingia kwa VPN, programu inayoficha mahali mtu alipo. Anayelipia tangazo huko ajue kasoro yake: VPN inaweza kumwonyesha mtu wa Wandegeya kana kwamba yuko Ulaya, hivyo tangazo ulilolielekeza Kampala linaweza kumkosa. Mshahara wa mtu anayekuuzia "wafuasi" elfu tano ni afadhali uununulie bidhaa. Na video ziwe fupi. Tangu Julai 2021 bando lina kodi ya asilimia 12, na anayekutazama anakutazama kwa fedha yake.

Ramani ya Google haina malipo na wengi wameiacha. Sajili duka, chagua aina ya biashara kwa usahihi, na uiweke alama wewe mwenyewe ukiwa umesimama mlangoni, kwa sababu ndani ya majengo ya maduka alama hupotea ikakaa barabara ya nyuma. Ukihama, hariri usajili ule ule. Ukifungua wa pili, boda ataendelea kuwapeleka watu kwenye mlango wa zamani.

Jina linalojitokeza kwenye simu ya mteja anapolipa kwa MoMo Pay au Airtel lifanane na lililo kibaoni. Akiona jina la shemeji yako, atasita, na mara nyingi hatauliza, atafunga simu tu.

Redio za mitaa na vipaza sauti vya vijijini, vile tunavyoviita bizindaalo, bado vina nguvu kwa mnada au ufunguzi, si kwa duka la kila siku. Na kule Busia, Malaba, Mpondwe na Mutukula, kibao chenye Kiswahili kando ya lugha ya mahali kinawaita Wakenya, Wakongo na Watanzania wanaovuka kuja kununua. Gharama yake ni mstari mmoja wa rangi.

Mwisho ni hesabu, na hapa ndipo wengi wanapotushinda. Chukua mfano: vipeperushi 1,000 na wa kuvigawa vimekugharimu shilingi 60,000, na kila mteja anakuachia faida ya shilingi 4,000. Unahitaji wateja wapya 15 ili urudishe fedha tu. Ukiandika "leta karatasi hii upunguziwe shilingi 1,000", faida inashuka hadi 3,000 na wanaohitajika wanakuwa 20, ila sasa karatasi zinazorudi unazihesabu kwenye kopo na unajua ukweli. Kwa wasio na karatasi, waulize wamekujuaje, na uweke alama daftarini: K kwa kibao, W kwa WhatsApp, R kwa rafiki. Fanya hivyo mwezi mzima bila kuruka siku, kisha ongeza fedha palipo na alama nyingi.

Nawe Mhariri tuna ombi kwako. Tangazo la mistari mitatu katika gazeti la Kiswahili lingewafaa sana mafundi na wachuuzi wa mipakani, lakini hawajui bei yake wala wapi pa kulipia. Lichapishe jedwali la bei kila wiki, kwa mstari, pamoja na siku ya mwisho ya kupokea tangazo na namba ya kulipia kwa simu.

Wako,
Wachora vibao na wachapaji,
Barabara ya Nasser, Kampala